Washenga Ishirini na Wanne

Usiku wa kuamkia leo niliota vichupa vyangu vimekuja kudai majina yao.

Vilikuwa ishirini na vinne, kama nilivyoviacha, ila sasa vina miguu. Wamekaa kwenye mabenchi nje ya maabara, kila mmoja amevaa koti, na kifuani mwa kila koti, pale nilipokuwa nimeandika kwa maka peni, pana doa la bluu lililopakazika. Hakuna anayepiga kelele. Wananitazama tu, kama watu wanaosubiri dirisha lifunguliwe.

"Habari za asubuhi," nikasema.

"Nzuri," mmoja wao akajibu. "Wewe ndiye Nyalusi?"

"Ndimi."

"Fundi wa maabara?"

"Ndiyo."

"Ndiwe uliyetufuta?"

Nikakubali. Sikuona sababu ya kuzunguka.

Nieleze kidogo, maana hata ndotoni nilikuwa naikumbuka habari yenyewe vizuri kuliko nilivyotaka. Daktari Atupele, ambaye ninamsaidia pale chuoni Iringa, anatafuta kichocheo. Kichocheo ni mshenga. Anavikutanisha vitu viwili ambavyo peke yao vingekaa chupa moja mwaka mzima bila kusemezana, anavifungisha ndoa vikawa kitu kimoja, halafu yeye anaondoka kama alivyokuja. Kila mshenga wetu ni metali iliyovikwa koti la kitu kingine, na jina lake ni metali pamoja na koti. Kitu hicho kipya Daktari anakitaka kwa ajili ya dawa ya kifafa. Shida ni kwamba kinaweza kuzaliwa kwa namna mbili, zinazofanana kama mkono wa kulia unavyofanana na wa kushoto, na ni wa kulia tu unaotibu.

Mashine ya kupambanua mikono hatuna. Tunatumia kimeng'enya, protini iliyojikunja ikaacha mfuko wa kupokelea kitu cha umbo moja tu. Ndani ya kichupa kimoja tunaweka maji chini na mafuta juu. Mshenga anafanya kazi yake juu, kwenye mafuta, na kinachozaliwa kinashuka majini. Huko chini kimeng'enya kinangoja. Ukija mkono wa kulia kinaupokea, na maji yanageuka zambarau. Ukija wa kushoto kinaupita kana kwamba hakuna kitu. Kwa hiyo tukiona zambarau tunajua mshenga wa kichupa kile anafaa, hata kama hatujui anafanyaje.

Jana mchana tulijaribu washenga ishirini na wanne kwa mpigo. Kichupa kimoja kiligeuka zambarau kabla sijamaliza kufunga kizibo cha mwisho. Daktari aliruka. Mimi nilifanya kile ninachofanya kila nikifurahi: nilisafisha. Yeye alipotoka kupiga simu, nikamwaga, nikaosha, nikavipangusa vichupa vyote kwa spiriti, kimoja kimoja, mpaka vikang'aa. Spiriti inakula maka peni. Na daftarini nilikuwa sijanakili hata herufi moja.

Kazi hii sikuisomea darasani. Niliijua kwa kusoma maandishi ya ubavuni mwa chupa, kwa miaka kumi na tisa. Kwenye chupa ya spiriti hapakuandikwa popote kwamba inafuta majina.

Daktari hakunigombeza. Aliufungua mfuko wa malighafi, akachungulia, akaufunga. "Imebaki ya jaribio moja, Mzee Nyalusi," alisema. "Nyingine ni miezi minane mpaka ifike. Kesho asubuhi tuchague mshenga mmoja, basi."

Mmoja kati ya ishirini na wanne. Na hilo ndilo nililolala nalo.

Sasa wako mbele yangu kwenye mabenchi.

"Tunataka majina," alisema wa mbele, mfupi, mpana, ukosi wake wa kijani. "Mtu hawezi kukaa hivihivi. Asubuhi jirani yangu kaniita 'we kichupa'. Mimi!"

"Nitawarudishia," nikasema. "Ila kwanza nisaidieni jambo moja. Ni nani aliyegeuza maji yakawa zambarau?"

Benchi zima likasimama.

"Mimi!"

"Mwongo huyo, alikuwa amelala. Ni mimi!"

"Muulize yeyote, nilitoka jasho!"

Nikafungua daftari. Ukurasa ulikuwa mweupe, unanuka spiriti.

"Usinitazame," daftari likasema. "Hukuniambia kitu."

Nikaliomba radhi, nikalifunga. Mimi si mwepesi wa kumwita mtu mwongo. Nikauliza kama kuna shahidi. Vizibo, vilivyokuwa vimepangwa dirishani, vikanong'onezana, kisha kimoja kikasema, "Yupo yule wa chini. Yeye ndiye aliyepokea wageni."

Nilipotazama chini, sakafu ya maabara ilikuwa mafuta, na chini ya mafuta kuna maji, na kwenye maji kuna taa inawaka. Mafuta na maji hayachanganyiki, kwa hiyo pale yanapokutana pamewekwa mlango. Nikashuka nikiwa nimeshika viatu mkononi. Mlango ulikuwa na kibao: FUTA MAFUTA KABLA YA KUINGIA. Nikafuta.

Ndani, kwenye kigoda, amekaa kimeng'enya. Ni mwanamke mnene, amejikunja mara nyingi sana, mikunjo juu ya mikunjo, na anajipepea kwa kifuniko cha sufuria.

"Ingia, funga mlango, kaka, unaniingizia joto," anasema. "Joto na mimi hatuelewani. Nikifika nyuzi sitini nasahau nilivyokaa."

Kweli, pindo lake moja lilikuwa limeanza kulegea, linaelea. Nikalishika kwa adabu, nikalichomeka mahali pake.

"Hapo hapo. Ahsante. Hilo ndilo linalojua kazi. Mengine yote yanalishikilia tu." Akaninyooshea mfuko uliokuwa katikati yake, kama glavu iliyoshonwa tumboni. "Salamu kwanza."

Nilikuwa nimeshika viatu kwa mkono wa kulia, nikatoa wa kushoto. Akatazama pembeni yangu.

"Kuna mtu hapo?" akauliza.

Nikahamisha viatu, nikatoa wa kulia. Ukaingia mfukoni sawasawa, bila kubana wala kupwaya.

"Aa, kumbe ni wewe! Karibu. Una shida gani?"

Nikamweleza yote, tangu furaha yangu mpaka spiriti. Alicheka hadi mikunjo ikatikisika, halafu akajiwahi mwenyewe asije akakunjuka.

"Sasa mimi nitakusaidiaje? Ninayemjua ni anayeletwa. Aliyemleta hashuki huku."

"Hata kivuli hukuona?"

"Kaka, sina macho. Nina mfuko mmoja." Akafikiri kidogo. "Lakini hao wa jana, hee! Walikuja mbiombio, kulia, kulia, kulia, mpaka nikachoka. Hata mmoja wa kushoto hakuwemo, maana mfuko haukukaa bure hata kidogo. Na wote walikuwa na mkunjo begani."

"Bega lipi?"

"La kushoto. Kama vile aliyewashika alikuwa na nafasi upande mmoja tu, upande wake mwingine umezibwa."

Nilitaka kuliandika hilo, lakini sikuwa na kalamu. Nikalisema mara tatu kwa sauti ndogo.

"Kwa nini usiwajaribu washenga wote, mmoja mmoja, nikakaa hapa nikapokea?" akauliza. "Hiyo ndiyo kazi yangu."

"Maharusi wamebaki wawili tu."

"Ala!" akasema, akaacha kujipepea. "Basi nenda taratibu."

Nikapanda. Juu hapakuwa tena maabara. Palikuwa ukumbi wa harusi, wenye mapambo ya karatasi za kuchujia, na maharusi wawili wameketi juu ya masanduku yao, kila mmoja anatazama ukuta wake. Katikati yao ameketi Daktari Atupele, mfuko wa malighafi uko magotini.

"Tunaoana leo, au mnaendelea kupimana?" bibi harusi akaniuliza.

"Leo, mama. Vumilia kidogo."

"Nimekaa na huyu mwaka mzima," akasema. "Hana neno baya. Hana neno lolote."

Bwana harusi akakohoa. Ndiyo ilikuwa hotuba yake.

"Mzee Nyalusi," Daktari akasema bila kuinua uso, "ukimkabidhi asiyefaa, hawa hawarudi. Watakaa hivi hivi. Na yule mgonjwa anayeisubiri dawa naye atakaa hivyo hivyo."

"Ninajua, Daktari."

"Basi taratibu."

Kila mtu alikuwa ananiambia taratibu, nami ndiyo mwendo pekee ninaoujua. Nikaweka kioo kirefu katikati ya ukumbi, nikawaomba washenga wapite mbele yake, mmoja mmoja. Nilifikiri hivi: kama mshenga amefanana pande zote mbili, ataleta kulia na kushoto nusu kwa nusu. Kwa hiyo lazima awe wa upande mmoja.

Kioo kilikuwa hodari wa kazi. "Huyu ni yule yule," kilisema alipopita wa kwanza. "Na huyu ni yule yule. Na huyu. Huyu... ngoja, geuka. Huyu si yule. Koti limefungwa upande."

Kumi na sita walikuwa yule yule. Niliwashukuru, wakaenda kukaa, wakanung'unika kwamba makoti yao yalishonwa kwa gharama. Wanane walibaki. Nikawatazama mabega. Watano walikuwa wamezibwa upande usiotakiwa, wangeleta mikono ya kushoto mpaka jioni, na kule chini mwenyeji angeuliza tu kama kuna mtu. Nao nikawashukuru.

Wakabaki watatu. Wa kwanza ni yule mfupi wa ukosi wa kijani. Wa pili ni mrefu, koti lake la waridi. Wa tatu hakuwa kwenye mstari. Alikuwa amepita mbele ya kioo akaendelea na safari. Nilimkuta nyuma ya ukumbi anazungumza na kalamu yangu.

"Tayari," akaniambia. "Nimeikutanisha na kifuniko cha kalamu ya Daktari. Wameelewana." Kabla sijajibu alikuwa ameshakutana na ndala mbili zisizo ndugu, akazisimamisha pamoja, nazo zikaondoka zikienda hatua moja. Kisha akatazama sufuria na mfuniko.

"Bwana," nikamwita. "Bwana! Njoo kwanza."

Ilinibidi nimwite mara tatu.

Nikawasimamisha wote watatu mbele ya Daktari. "Naomba kila mmoja anieleze jana ilivyokuwa," nikasema.

Ukosi wa kijani alianza bila kusafisha koo. Alieleza walivyoimba, nani aliyelia, shangazi gani aliyemkanyaga nani, na pilau ilivyokolea hata akaongezwa mara mbili. Ilikuwa hadithi nzuri. Bibi harusi mwenyewe aligeuka kusikiliza. Koti la waridi naye akaeleza yake, fupi kidogo, lakini na majina yote ya wajomba.

"Na wewe?" nikamwuliza wa tatu.

"Jana ipi?"

"Ya maji ya zambarau."

"Sijui," akasema. Macho yake yalikuwa kwenye sufuria.

Ukumbi mzima ukacheka. "Hata hakumbuki!" akasema ukosi wa kijani. "Mzee, mwondoe huyo, anatupotezea muda."

Nami nilikuwa karibu kumwondoa. Mkono wangu ulikuwa umeshainuka. Lakini nina tabia ya kutotupa kitu kabla ya kukipima, na mizani ilikuwa pale pale mlangoni, imefunikwa kitambaa.

"Pandeni," nikasema.

Akapanda ukosi wa kijani. Mizani ikatikisika, ikatulia. "Huyu ameongezeka tangu jana asubuhi," ikasema. "Pilau sahani mbili, na hadithi moja."

Akapanda koti la waridi. "Hamsini na nane nukta tisa. Huyu ni kobalti. Juu yake pana wajomba wanne."

Akapanda wa tatu, mguu mmoja uko chini tayari kuondoka.

"Mguu wote, bwana," mizani ikamwambia. Akapandisha. "Hamsini na nane nukta saba, mbali na koti. Vilevile jana asubuhi. Vilevile jana jioni. Hakuna hata chembe."

Ukumbi mzima ukasogea kutazama namba.

"Mtu mzima hawezi kwenda harusini akatoka na uzito ule ule," akasema ukosi wa kijani, lakini sasa polepole.

"Mshenga wa kweli anaweza," nikasema. "Anatoka kama alivyoingia. Angekumbuka, angekuwa amebaki na kitu."

Wa tatu akanitazama kwa mara ya kwanza. "Ningebaki na kitu," akasema, "anayefuata ningemsaidia kwa kitu gani?"

Ukosi wa kijani aliinamisha kichwa. Nikamwonea huruma. "Siamini kwamba umedanganya," nikamwambia. "Naona ulikuwepo kweli. Ulikuwa mgeni mwalikwa."

Akafikiri. "Pilau ilikuwa nzuri," akasema, akaenda kukaa na wenzake.

Sasa limebaki jina. Uzito ulikuwa umenipa nusu, maana atomi ya kila metali ina uzito wake: kwa nukta saba, huyu ni nikeli. Nusu ya pili ni koti, na makoti ya Daktari yako ya namna nyingi. Nikamwuliza lake limetoka wapi.

"Nusa," akasema.

Nikasogea nikanusa begani, upande ule uliozibwa. Kafuri. Ile ile wanayoweka kwenye masanduku ya nguo.

"Nikeli, koti la kafuri," nikamwambia Daktari.

"Andika," akasema. "Andika sasa hivi, Mzee, usifurahi!"

Nilikuwa nimeshachelewa. Nilikuwa nimefurahi.

Dirishani kikaingia kitambaa changu cha kupangusia, kimelowa spiriti, kikubwa kama kiwanja cha mpira, kinapiga mluzi ule ninaoupiga mimi nikiwa kazini. Kikapita juu ya kioo, kioo kikawa hakina mtu. Kikapita juu ya mizani, namba zikaondoka. Kikapangusa mapambo, mabenchi, na jina la Daktari lililokuwa kwenye koti lake jeupe. Nikajaribu kuandika kiganjani, kikanipangusa kiganja, kwa upole kabisa, jinsi ninavyopangusa mimi.

"Chini!" Daktari akasema. Hiyo ndiyo njia iliyobaki.

Nikajitupa kwenye mafuta, nikafika mlangoni, nikagonga. Safari hii sikufuta mafuta.

"Nani?" akauliza kimeng'enya.

"Nyalusi. Nimempata. Nataka kutoka upande wa pili, nikaandike."

"Kutoka ni kupitia kwangu, kaka. Lakini sikiliza vizuri. Mimi si mshenga. Kinachoingia mfukoni mwangu hakitoki kama kilivyoingia."

"Mkono wa kushoto je?"

Akatazama pembeni yangu. Hakuona kama kuna mtu aliyeuliza.

Kitambaa kilikuwa kinashuka, mafuta ya juu yameanza kung'aa kwa usafi. Nikasema, "Nikeli, kafuri," mara tatu, nikatumbukiza mkono wa kulia mfukoni.

"Na nitaandikia nini?" niliuliza nikiwa nusu nimepita.

"Kwa mkono uliobaki," akasema.

Nikaamka.

Kulikuwa kumekucha. Mke wangu, Mama Enesia, alikuwa jikoni, nasikia vikombe. Nilikaa kitandani nikalifikiria jambo lenyewe bila haraka. Ndoto si jaribio. Mtu aliyefuta majina ishirini na manne hawezi kwenda kwa Daktari wa watu na kumwambia amesikia jibu kutoka kwa mizani, halafu amtake atumie malighafi yake ya mwisho. Miezi minane ni mingi. Niliamua sitamwambia kitu. Tutapiga kura, kama watu wengine, na ikiharibika itakuwa imeharibika kwa haki.

Hata hivyo nilichukua penseli na karatasi iliyokuwa chini ya taa, nikaanza kuandika, ili tu nisisahau. Tangu jana nimejifunza hilo.

Mama Enesia akaingia na chai. Akasimama.

"Baba Enesia, we tangu lini unaandikia mkono wa kushoto?"

Nilitazama. Penseli ilikuwa mkono wa kushoto, imekaa bila kutetemeka. Herufi zilikuwa safi, zimelalia upande ambao zangu hazijawahi kulalia. Mkono wa kulia ulikuwa juu ya blanketi, wala haukuonyesha kutaka kuingilia. Nilikuwa nimefika *Nikeli, koti la kafu*.

Zilikuwa zimebaki herufi mbili. Nikazimalizia.

"Naomba viatu," nikasema.

"Na chai?"

"Nikirudi. Daktari huwa anafika saa moja, na leo asichague mtu kabla sijafika."